Safari ya kura hadi kiti: Yaliyoipata Lesotho na hesabu za viti katika Bunge la Tanzania

Matokeo ya uchaguzi wa wabunge yanapotangazwa, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo husoma idadi ya kura za kila mgombea, humtaja aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, na shughuli ya jimbo hilo huwa imekwisha. Kura za walioshindwa hubaki katika fomu za matokeo. Hazijumlishwi na za jimbo jirani wala hazimpunguzii mshindi chochote. Aliyeshinda kwa kura tano na aliyeshinda kwa kura elfu arobaini huingia bungeni kwa mlango mmoja.

Utaratibu huo umezoeleka mno kiasi kwamba mjadala wa uchaguzi wa haki katika nchi nyingi za Afrika huishia katika mambo yanayoonekana kwa macho: daftari la wapiga kura, mawakala vituoni, usalama wa masanduku na ukweli wa hesabu. Mambo hayo ni ya msingi. Hata hivyo, baada ya kura ya mwisho kuhesabiwa kwa uaminifu, hubaki hatua moja ambayo haifanyiki kituoni bali imeandikwa katika sheria, nayo ni kanuni ya kugeuza kura kuwa viti. Hesabu inaweza kuwa safi kabisa na bado Bunge litakalopatikana likafanana kidogo sana na wapiga kura waliolichagua.

Mfano wa karibu upo katika kumbukumbu za Tanzania yenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, majimbo yalikuwa 232. Chama cha Mapinduzi kilipata asilimia 59.22 ya kura za wabunge na kutwaa majimbo 186, yaani majimbo manane katika kila kumi. NCCR-Mageuzi ilipata asilimia 21.83 ya kura na majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5.02 tu ya kura, lakini ikarudi na majimbo 24. Chama kilichokuwa na kura zaidi ya mara nne ya kingine kikapata viti vichache kuliko hicho kingine.

Hakuna aliyehitaji kuiba kura ili matokeo hayo yatokee, kwani jibu lilikuwa katika jiografia. Wapiga kura wa CUF walikuwa wamekusanyika Zanzibar, hasa Pemba, ambako majimbo yana watu wachache na chama hicho kilikuwa na nguvu kubwa. Viti vyake vyote 24 vilitoka huko. Wapiga kura wa NCCR-Mageuzi walitawanyika Tanzania Bara. Katika majimbo mengi walitosha kuwa wa pili, na katika mfumo huu wa pili hana anachopewa. Chama chenye asilimia 20 ya kura kila mahali kinaweza kukosa hata kiti kimoja, ilhali chenye asilimia 5 zilizorundikana mahali pamoja kinaweza kuwa kambi kuu ya upinzani. Kama majimbo hayo 232 yangegawanywa kwa kufuata uwiano wa kura pekee, CCM ingebaki na wingi wa viti kwa takriban 137, NCCR-Mageuzi ingekuwa na karibu 51 na CUF 12 hivi.

Mfumo huo wa wengi wape ulirithiwa kutoka Uingereza, kama ilivyokuwa kwa makoloni yake mengi, na si haki kuutaja kwa kasoro zake pekee. Mwananchi wa Newala au wa Ngara anamjua mbunge wake kwa jina, anajua ofisi yake ilipo, na daraja likisombwa na maji anajua wa kumuuliza. Karatasi ya kura ni rahisi kueleweka. Kwa kawaida chama kimoja hupata wingi wa kutosha, serikali huundwa upesi na bajeti hupita. Nchi zilizouacha mfumo huu zimejifunza kwamba kila kimoja kati ya vitu hivyo kina bei. Nchi moja ya Kusini mwa Afrika iliuacha kwa sababu bei ya kuendelea nao ilikuwa imekwisha kuwa kubwa zaidi.

Nchi hiyo ni Lesotho, ufalme wa watu wapatao milioni mbili uliozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na mwanachama wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) kama ilivyo Tanzania. Karibu raia wake wote ni Wasotho na lugha yao ni moja. Aghalabu migogoro ya uchaguzi barani Afrika huelezwa kwa ukabila au udini. Lesotho haitoi nafasi ya maelezo hayo, na kwa sababu hiyo inafaa zaidi kutazamwa na yeyote anayetaka kuona kanuni ya viti inavyofanya kazi ikiwa peke yake.

Mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya utawala usiotokana na uchaguzi, Wasotho walichagua wabunge katika majimbo 65. Chama cha BCP, kilichoongozwa na Ntsu Mokhehle, kilipata takriban robo tatu ya kura. Kilipata pia majimbo yote 65. Chama cha BNP, kilichopata zaidi ya kura moja katika kila tano, hakikupata hata kiti kimoja. Bunge likaanza kazi bila mpinzani ndani yake, na wapinzani wakaanza kazi nje ya Bunge. Mwezi Agosti 1994 Mfalme Letsie III aliivunja serikali, hatua iliyobatilishwa wiki chache baadaye kwa usuluhishi wa nchi jirani.

Mwaka 1997 Mokhehle alijitenga na BCP na kuunda chama kipya cha LCD. Uchaguzi ulipofanyika Mei 1998, sasa kukiwa na majimbo 80, LCD ilipata asilimia 60.7 ya kura na majimbo 79. BNP ilipata asilimia 24.5 na jimbo moja. BCP, chama tawala cha miaka michache nyuma, kilikuwa na kura moja kati ya kila kumi na hakikupata kitu. Kwa uwiano wa kura, LCD ingestahili viti 49 hivi, BNP 20 na BCP vinane.

Wapinzani hawakulalamikia kanuni. Walisema kura zimeibwa. Ni rahisi kuona ni kwa nini: mtu aliyeona majirani wengi wakikipigia chama chake, kisha akasikia kwamba kimepata jimbo moja nchi nzima, atatafuta mwizi kabla ya kutafuta kifungu cha sheria. SADC iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini. Tume hiyo ilibaini dosari katika kumbukumbu za uchaguzi na ikazielezea kwa uzito, lakini haikuweza kuthibitisha kwamba uchaguzi ulikuwa batili. Ripoti yake ilipotolewa Septemba 1998, waandamanaji walikuwa wamekaa kwa wiki kadhaa mbele ya lango la kasri ya mfalme mjini Maseru, na sehemu ya jeshi ilikuwa imewageuka makamanda wake.

Tarehe 22 Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Lesotho kwa jina la SADC, yakifuatiwa na ya Botswana. Mapigano yaligharimu maisha ya makumi ya watu, askari na raia. Maduka na ofisi katikati ya Maseru viliporwa na kuteketezwa kwa moto, na miji mingine haikupona. Watu waliokuwa na malalamiko juu ya uwakilishi waliuchoma mji wao mkuu, na waliopoteza zaidi walikuwa wenye maduka na vibarua wao, ambao hawakuwa na kiti cha kugombea.

Mapatano yaliyofuata yalizaa, mwezi Desemba mwaka huo, chombo cha muda cha kisiasa chenye wajumbe 24, wawili kutoka katika kila kimoja kati ya vyama 12 vilivyoshiriki uchaguzi. Vyama vyote vilihesabiwa sawa mezani, hata vile visivyokuwa na mbunge. Kazi yake ilikuwa kuandaa uchaguzi mpya na kupendekeza mfumo wa kuuendesha. Ulitarajiwa kufanyika katika muda wa miezi 18. Ulifanyika baada ya zaidi ya miaka mitatu, kwa sababu wajumbe walibishana kwa muda mrefu juu ya idadi ya viti vitakavyogawanywa kwa uwiano. Hatimaye walikubaliana kwamba majimbo 80 yabaki kama yalivyo, na viti 40 vya fidia viongezwe.

Neno fidia hapa lina maana yake halisi. Mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo na nyingine ya chama. Kura za chama zilijumlishwa nchi nzima ili kujua kila chama kinastahili viti vingapi katika Bunge zima la viti 120. Kisha viti ambavyo chama kilikwisha kuvipata majimboni vilitolewa katika stahili hiyo, na kilichobaki kikajazwa kutoka katika orodha ya majina iliyowasilishwa mapema kwa tume ya uchaguzi. Aliyevuna kuliko stahili yake majimboni hakuongezewa kitu, na aliyevuna pungufu alifidiwa.

Uchaguzi wa Mei 2002 ulionyesha tofauti mara moja. LCD ilipata takriban asilimia 55 ya kura za vyama, na majimboni ilishinda 77 kati ya 78 yaliyopiga kura siku hiyo, mawili mengine yakiwa yameahirishwa. Kwa mfumo wa zamani upinzani wote, wenye karibu nusu ya wapiga kura, ungekuwa na mbunge mmoja. Kwa mfumo mpya viti vyote 40 vya fidia vilikwenda kwa vyama vingine tisa. BNP peke yake ilipata viti 21. Hesabu haikusawazika kikamilifu: kwa asilimia 22 ya kura BNP ilistahili karibu viti 26, lakini LCD ilikuwa imekwisha kuvuka stahili yake majimboni na hakuna mbunge wa jimbo anayeweza kunyang'anywa ushindi wake. Pamoja na upungufu huo, wapinzani walikuwa wamepata mahali pa kusemea. Mara hii Maseru haikuwaka moto.

Yaliyotokea baadaye hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi zaidi kwa watunga sheria. Kanuni inayomfidia aliyekosa majimbo humpa kila chama chenye majimbo mengi sababu ya kujifanya kuwa hakina hata moja. Katika uchaguzi wa Februari 2007, LCD haikuwasilisha orodha ya wagombea wa fidia. Iliwataka wafuasi wake wampigie mgombea wa LCD katika karatasi ya jimbo, kisha katika karatasi ya chama wakipigie chama kidogo cha NIP. Chama kipya cha upinzani, ABC, kilichoongozwa na Thomas Thabane, kilifanya vivyo hivyo kwa kushirikiana na chama cha wafanyakazi, LWP.

Kwa macho ya sheria LCD na NIP vilikuwa vyama viwili visivyohusiana. LCD ilishinda majimbo 61. NIP, ambayo haikushinda jimbo lolote, ilipata zaidi kidogo ya nusu ya kura za vyama, ikaonekana kuwa imedhulumiwa kuliko vyama vyote nchini na kufidiwa viti 21. Jumla ya ushirika huo ikawa viti 82 kati ya 120. Kama ungehesabiwa kuwa chama kimoja, stahili yake ingekuwa viti 62 hivi. Dawa iliyotengenezwa kupunguza ziada ya mshindi ilikuwa imegeuzwa kuwa njia ya kuiongeza, na hakuna kifungu kilichovunjwa.

Mgogoro mpya ukaanza. SADC ilimtuma Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana, kuwa msuluhishi, naye aliondoka bila pande hizo kuafikiana. Viongozi wa makanisa ya Lesotho ndio waliowarudisha wanasiasa mezani, na mwaka 2011 sheria mpya ya uchaguzi ilipitishwa. Suluhisho lake lilikuwa jepesi: karatasi ziwe moja badala ya mbili. Kura anayopewa mgombea wa jimbo huhesabiwa pia kuwa kura ya chama chake, hivyo chama hakiwezi kuvuna majimboni kwa jina moja na kudai fidia kwa jina jingine. Kilichopotea ni hiari ya mpiga kura anayempenda mgombea wa chama asichokipenda. Wasotho waliona hasara hiyo inavumilika kuliko kurudia yaliyotokea 2007. Sheria hiyohiyo ilivitaka vyama vipange orodha zao kwa kupishanisha majina ya wanawake na wanaume, jambo ambalo uchaguzi wa majimbo hauwezi kulilazimisha kwa urahisi.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2012, chama cha DC cha Waziri Mkuu Pakalitha Mosisili kilipata viti 48 na kuongoza. ABC ilipata viti 30, LCD 26 na BNP vitano. Vyama hivyo vitatu vilijumlisha viti 61, yaani kiti kimoja zaidi ya nusu, vikaunda serikali, na Mosisili, aliyekuwa madarakani tangu 1998, akakabidhi ofisi kwa amani.

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia hapo, lakini bei iliyotajwa awali ilianza kudaiwa. Serikali iliyosimama juu ya kiti kimoja ilitikiswa na kila mfarakano. Mwezi Agosti 2014 jeshi lilivamia vituo vya polisi na Waziri Mkuu Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Uchaguzi wa mapema ulifanyika 2015, na mwingine wa mapema mwaka 2017, kwa hiyo Wasotho walichagua Bunge mara tatu katika miaka mitano. Tangu 2012 hakuna serikali ya Lesotho ambayo haikuwa ya mseto. Hata chama kipya cha RFP cha mfanyabiashara Sam Matekane, kilichoshinda Oktoba 2022 kwa viti 56, kilihitaji washirika wawili ili kupata wingi. Ni haki kusema kwamba mfumo wa uwiano uliihamishia migogoro ya Lesotho ndani ya Bunge. Si haki kusema kwamba uliimaliza.

Kwa mtazamaji wa Tanzania, historia hiyo inarejesha swali nyumbani, kwa kuwa Bunge la Jamhuri ya Muungano nalo si la majimbo matupu. Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine, na Ibara ya 78 inaeleza kuwa viti hivyo hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za wabunge, kwa kufuata uwiano wa kura hizo. Wananchi wengi huvifahamu viti hivi kama njia ya kuongeza idadi ya wanawake bungeni, na hilo ndilo lengo lake. Ni wachache wanaoona kwamba hiyo ndiyo sehemu ya uchaguzi wa Tanzania ambamo kura ya aliyeshindwa jimboni huhesabiwa kwa mara ya pili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1995 viti maalumu 37 viligawanywa kwa kufuata idadi ya viti vya majimbo. NCCR-Mageuzi, pamoja na asilimia zake 21, ilipewa vitatu. CUF ilipewa vinne. Upotofu wa majimbo ulinakiliwa ulivyo. Kufikia uchaguzi wa 2005 msingi ulikuwa umebadilika na kuwa kura. CHADEMA, iliyoshinda majimbo matano mwaka huo, ilipata viti maalumu sita. Mwaka 2015 tofauti ilionekana wazi zaidi. CHADEMA ilikuwa na asilimia 31.75 ya kura za wabunge na CUF asilimia 8.63, lakini CHADEMA iliizidi CUF kwa majimbo machache tu. Kwa kiasi fulani hilo lilitokana na vyama hivyo kuachiana majimbo chini ya umoja wa UKAWA. Kwa kiasi kikubwa lilitokana na jiografia ileile ya 1995. Tume ilipogawa viti maalumu 110 vya awali, CCM ilipata 64, CHADEMA 36 na CUF 10, mgawanyo unaofuata kura za vyama hivyo karibu sawasawa.

Tofauti na Lesotho, hata hivyo, viti hivyo havifidii. Hesabu yake hufanywa kando, bila kuangalia chama kimepata nini majimboni, kwa hiyo chama chenye ziada ya majimbo hupata pia fungu lake kamili la viti maalumu. Upotofu hupunguzwa lakini hauondolewi. Faida yake ni kwamba hila ya 2007 ya Lesotho haina nafasi Tanzania, kwa kuwa chama hakipati chochote kwa kuficha ushindi wake. Lipo pia lalamiko la siku nyingi kwamba mbunge wa viti maalumu huteuliwa na vikao vya chama na mpiga kura haoni jina lake popote katika karatasi. Lalamiko hilo lina uzito, na huzikabili orodha za vyama popote zilipo. Nchini Afrika Kusini, ambako viti 400 vya Bunge hugawanywa kwa uwiano, usawa wa hesabu ni wa kupigiwa mfano: mwaka 2024 chama cha ANC kilipata asilimia 40.18 ya kura na viti 159, ambavyo ni asilimia 39.75. Lakini Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikuwa imeamua Juni 2020 kwamba sheria iliyowalazimu raia kupita katika orodha za vyama inakiuka haki zao, na Bunge likalazimika kuibadili ili kuruhusu wagombea binafsi.

Upande mwingine wa uwakilishi ni ukubwa wa majimbo. Kwa mgawanyo uliotangazwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Mei 2025, majimbo yaliongezeka kutoka 264 hadi 272, ambapo 222 ni ya Tanzania Bara na 50 ni ya Zanzibar. Yakiwekwa kando ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, jimbo la Tanzania Bara lina wastani wa watu wapatao 269,600 na la Zanzibar watu wapatao 37,800. Tofauti hiyo ni ya makusudi. Zanzibar inaingia katika Muungano ikiwa mshirika, na mshirika mwenye watu wachache huhitaji sauti isiyomezwa. Tofauti ndani ya Tanzania Bara haina sababu hiyo. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728, uliongezewa majimbo mawili, Kivule na Chamazi, na kufikisha 12. Hata hivyo kila mbunge wake anawakilisha kwa wastani watu wapatao 448,600. Katiba inaitaka tume izingatie pia hali ya kijiografia na njia za mawasiliano, na yeyote aliyesafiri katika wilaya yenye barabara za msimu anaelewa ni kwa nini. Lakini mkazi wa Mbagala anapopiga kura, uzito wa kura yake bungeni ni mdogo kuliko wa ndugu yake aliyebaki kijijini, na miji inazidi kukua.

Maswali hayo yote mawili, la viti maalumu na la majimbo, yaliguswa katika mchakato wa Katiba mpya. Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza Bunge dogo la Muungano, ambamo kila eneo la uchaguzi lingechagua wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, kwa kura za wananchi. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, iliubadili muundo huo, lakini ilibaki na lengo la idadi sawa ya wanawake na wanaume bungeni. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Mchakato huo utakapofunguliwa tena, watakaokaa mezani watakuta njia kadhaa: majimbo yenye wabunge wawili, orodha za kupishanisha majina kama za Lesotho, au viti maalumu vilivyoboreshwa. Kila moja huleta Bunge la sura tofauti kwa kura zilezile. Majedwali ya matokeo ya kila uchaguzi tangu 1995 yapo, na kila pendekezo linaweza kupimwa kwayo kwa kalamu na karatasi kabla halijaandikwa kuwa ibara.